Lobo, hoteli iliyojengwa ikitazama Nairobi

Ukiijia Lobo kwa barabara ya kutoka Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, unachoona kwanza ni mawe. Ni matale makubwa ya granaiti yaliyobebana, ya aina ile ile tuliyoizoea Usukumani, yamepigwa jua na mvua mpaka migongo yake ikawa laini. Hoteli huioni. Gari linapanda, linakunja kona, na hata ukiwa umebakiza hatua chache jicho bado linasema hapa pana kilima tu. Ndipo unapoanza kubaini nguzo ya mti hapa, kioo pale, roshani iliyojibanza kwenye ufa, na paa lililoufuata mteremko wa jiwe.

Ndani mambo ni hayo hayo. Waliojenga hawakulipua mwamba ili wapate uwanja. Waliuacha mwamba uamue. Ngazi zinapanda pale jiwe liliporuhusu, na pale lilipokataa zinazunguka. Baa na ukumbi wa chakula vimejengwa kulizunguka jiwe, na jiwe lenyewe limeingia ndani likakaa kama mwenye nyumba. Pale watu wanapopita kila siku limeng'aa kwa kushikwa na mikono ya miaka zaidi ya hamsini. Bwawa la kuogelea limechimbwa katikati ya miamba, na anayeogelea humo analitazama bonde lote la Lobo chini yake. Asubuhi pimbi huota jua ukingoni, familia nzima, watoto wamepanda migongo ya mama zao.

Hoteli hii ina vyumba 75. Ilifunguliwa mwaka 1970, enzi ambazo neno "Serengeti" lilikuwa limeshafika Ulaya na Marekani kwa nguvu ya kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959, naye mwanawe Michael alikuwa amekufa Januari ya mwaka huo kwa ajali ya ndege wakati wakihesabu wanyama. Dunia ilitaka kuiona Serengeti. Tanzania ikaijengea dunia mahali pa kulala, na ikapajenga kwa ustadi ambao mpaka leo sijauona umepitwa porini.

Leo, ukikuta Lobo imetajwa kwenye vitabu vya kuongoza wasafiri, maneno yanajirudia kutoka kitabu hadi kitabu: mahali hapana mfano, jengo ni la ajabu, lakini huduma na samani zimebaki nyuma ya wakati. Msafara mwingi wa watalii haufiki huko. Unaishia katikati ya hifadhi, au unapita kwenda kambi za mahema zilizo karibu na mto Mara, ambako usiku mmoja hugharimu mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa.

Imefikaje hapo? Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili. La kwanza linasema Ujamaa uliiua: shirika la umma, uzembe, mali isiyo na mwenyewe. La pili linasema ubinafsishaji uliiua: iliuzwa, mnunuzi akaikamua. Majibu yote mawili yana ukweli wake, na nitayagusa. Lakini yote yanakuja baada ya msiba. Lobo ilipigwa pigo lake siku moja inayojulikana, Februari 4, 1977, na aliyeipiga hakuwa hata akiifikiria.

Msomaji wa Simiyu anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini, maana Lobo iko kaskazini mwa hifadhi, na ukitaka kufika kutoka Bariadi inabidi uivuke Serengeti nzima. Yanamhusu sana. Mkoa wetu umelala ubavuni mwa Serengeti. Pori la Akiba la Maswa, lililotangazwa mwaka 1962, liko upande wetu. Mto Simiyu, uliotupa jina la mkoa mwaka 2012, unatoka upande wa tambarare hizo na kumwaga maji yake Ghuba ya Speke. Tembo wanaotoka hifadhini usiku wanajulikana kwa nyayo zao Itilima, Meatu, Bariadi na Busega, na anayeamka asubuhi akakuta shamba la mahindi limelazwa hana haja ya kuambiwa kuwa hifadhi iko karibu.

Halafu kuna pamba. Miaka ile Lobo inajengwa, nchi ilikuwa inaishi kwa fedha za kigeni za mazao machache: pamba, kahawa, mkonge, na kando yake almasi ya Mwadui, kwa jirani zetu wa Shinyanga. Pamba ya Ntuzu na Maswa na Meatu ilipita kwenye vinu vya ushirika, ule ushirika wa Victoria Federation ulioasisiwa na akina Paul Bomani katikati ya miaka ya 1950, ikaenda Mwanza, ikaenda bandarini. Kila kioo, kila bomba na kila jenereta iliyopelekwa porini Serengeti ilitoka nje, na cha nje kililipiwa kwa fedha za kigeni. Sina risiti ya kuonyesha kuwa robota fulani la Bariadi lilinunua kioo fulani cha Lobo. Najua tu kwamba mfuko ulikuwa mmoja, na mkulima wa pamba alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa wakiujaza. Kwa hesabu hiyo Lobo ni mali yetu kuliko tunavyodhani, na wengi wetu hatujawahi kuingia hata mapokezi.

Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa kauli aliyoitoa wakati wa uhuru, kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, lakini anaamini baada ya almasi na mkonge wanyamapori ndio wataiingizia nchi fedha nyingi zaidi. Hiyo ndiyo hesabu iliyozaa hoteli hizi. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Utalii, TTC kama watu walivyoliita, na ndani ya miaka michache nchi ikapata mfululizo wa hoteli ambao haujawahi kujengwa tena kwa mkupuo namna ile: Lobo, Seronera, Ngorongoro juu ya ukingo wa kreta, Manyara juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, Mikumi, Mafia, na zile za ufukweni Dar es Salaam, Kunduchi na Bahari Beach.

Si kila mtu alishangilia. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwasha mjadala mkali gazetini. Walihoji: nchi iliyotangaza Azimio la Arusha miaka mitatu tu nyuma inawezaje kutumia fedha zake adimu kuwajengea matajiri wa nje mahali pa kustarehe? Fedha zitabaki nchini au zitarudi zilikotoka? Je, kijana wa Kitanzania atajifunza nini zaidi ya kubeba masanduku na kunyenyekea? Issa Shivji alikusanya hoja za pande zote katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Nikizisoma hoja zile leo naona vijana wale walikuwa sahihi kwenye swali na pengine walipotoka kwenye jibu. Walidhani hatari ni mgeni kuja. Hatari iliyokuja ni mgeni kutokuja, na nyumba za fedha nyingi kubaki porini zikiwa na wahudumu waliopiga pasi mashati yao kwa ajili ya viti vitupu.

Ili kuelewa ilivyotokea inabidi kuitazama ramani kwa macho ya wakati huo. Mtalii wa mwaka 1972 hakuja Tanzania. Alikuja Afrika Mashariki, na alishukia Nairobi. Ofisi za kampuni zilizompokea zilikuwa Nairobi, na magari aliyopanda yalikuwa na namba za Kenya. Mzunguko wake ulikwenda hivi: Nairobi hadi Maasai Mara, kuvuka mpaka pale Bologonja, kulala Lobo, kesho yake Seronera, kisha Ngorongoro, kisha Manyara, kisha Arusha, Namanga, na kurudi Nairobi kupanda ndege. Kila hoteli ya TTC kaskazini ilikuwa usiku mmoja wa mzunguko huo. Lobo ilikuwa mlango. Iliwekwa pale ilipowekwa kwa sababu ndipo gari lililotoka Mara lilipofika jioni, abiria wamechoka, vumbi limewajaa, wakihitaji maji ya moto na chakula.

Kwa hiyo Lobo ilikuwa hoteli ya Tanzania iliyoelekeza uso wake Kenya. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kasoro. Nchi tatu zilikuwa na Jumuiya moja tangu 1967, shirika moja la ndege, reli moja, posta moja. Ni nani angejenga hoteli akifikiria kwamba Jumuiya itavunjika?

Lakini manung'uniko yalikuwepo. Tanzania iliona kwamba wanyama ni wake, barabara inazitengeneza yenyewe, hoteli imezijenga kwa jasho lake, na fedha kubwa inabaki Nairobi, ambako mgeni alilipia safari nzima. Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro uliofunguliwa Desemba 1971 ulikuwa jibu lake moja: mgeni ashukie kwetu. Tatizo ni kwamba uwanja unajengwa kwa miaka miwili, na mazoea ya safari za watu hujengwa kwa miaka ishirini. Ndege kubwa ziliendelea kutua Nairobi.

Jumuiya ilipokuwa inakata roho, mapema mwaka 1977, Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Februari 4 Tanzania ikafunga mpaka. Magari na ndege ndogo za kampuni za utalii za Kenya zilizokutwa upande wetu zikazuiwa. Kesho yake, Februari 5, CCM ilizaliwa Zanzibar, na taifa likawa na sherehe ya kutazama. Nadhani ni wachache siku ile waliowakumbuka wafanyakazi wa Lobo, waliokuwa wametandika vitanda kwa ajili ya magari ambayo hayangefika.

Wageni wa Serengeti waliporomoka, wakabaki sehemu ndogo ya waliokuwa wakija mwaka mmoja tu nyuma. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria linaniumiza. Wakati ule ule, nyumbu walikuwa wengi kuliko walivyowahi kuhesabiwa. Mwaka 1961 walikuwa kama robo milioni. Sotoka, ule ugonjwa ulioua ng'ombe wa babu zetu na nyumbu pamoja nao, ulitokomezwa porini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 1977 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Kila mwaka kati ya Julai na Oktoba makundi hayo yanapita kaskazini, ubavuni mwa Lobo, kwenda na kutoka Mara. Kioo cha ukumbi wa chakula kilikuwa mahali pake na msafara wa wanyama ulikuwa umefika kilele chake. Waliokosekana ni watazamaji.

Na hasara haikuishia mezani. Kiingilio cha watalii ndicho kilichokuwa kikisaidia kulipa doria za askari wa wanyamapori. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2006 umeonyesha wazi kwamba doria zilipoporomoka kuanzia 1977, ujangili ulipanda, na nyati, tembo na vifaru wakaanguka; vifaru karibu waishe kabisa. Sehemu ya kaskazini, jirani na Lobo, ni miongoni mwa zilizoumia vibaya. Hoteli yenye watu ni jicho pia: kuna gari linalopita, kuna dereva anayeona tai wanazunguka mahali na kutoa taarifa. Hoteli isipokuwa na watu, jicho hilo linafumba.

Yaliyofuata yalikuwa ya nchi nzima. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Bei ya mafuta. Uhaba wa fedha za kigeni uliofanya kipuri kidogo cha jenereta kisubiri kibali miezi na miezi. Waliokuwa watu wazima miaka hiyo wanakumbuka foleni za sabuni na sukari kwenye maduka ya kaya, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 chini ya Edward Sokoine. Fikiria basi kuendesha hoteli ya vyumba 75 katikati ya pori, mamia ya kilomita kutoka Arusha, wakati Arusha yenyewe haina sabuni. Anayesema mashirika ya umma yalizembea aseme, lakini aseme pia kwamba watu fulani walibaki kule, wakatunza vioo na mbao na paa, mpaka jengo likavuka miaka hiyo likiwa zima. Majengo mengi ya zama zile hayakuvuka.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha na kukubaliana mgao wa mali za Jumuiya iliyokufa. Mabasi yakarudi Namanga. Lakini njia ya Bologonja, kati ya Maasai Mara na Serengeti, haikurudishwa kwa msafara wa watalii, na mpaka leo haijarudishwa pamoja na maombi ya mara kwa mara kutoka Kenya. Sababu za Tanzania zinaeleweka: hofu ya kurudi kuwa uwanja wa nyuma wa Nairobi, na hofu ya magari mengi kwenye eneo laini. Mimi naziona kuwa sababu za kweli. Ila gharama yake ilibebwa na jengo moja kuliko yote. Lobo, iliyokuwa mlango, ikawa mwisho wa barabara.

Ushahidi bora wa hilo ni dada yake. Hoteli ya Seronera ilijengwa miaka hiyo hiyo, kwa mtindo huo huo. Ni jiwe lile lile, na kuna mahali unapita kwenye ufa mwembamba kati ya miamba miwili ili uingie baa. Iliendeshwa na shirika lile lile, ikakosa sabuni ile ile, ikauzwa wakati ule ule. Lakini Seronera iko katikati ya hifadhi, kwenye njia panda ambapo kila gari hupita, litoke Arusha, Mwanza au Musoma. Seronera nayo imechoka miaka kwa miaka, imelaumiwa na wageni, imepakwa rangi na kuchoka tena. Haijawahi kusahaulika. Umbali kati ya dada hawa wawili ni kama kilomita sabini hivi. Siamini kuwa wapishi wa Seronera walikuwa bora kuliko wa Lobo.

Kuhusu mauzo nitasema kwa ufupi. Shirika la Utalii lilivunjwa mapema miaka ya 1990 na nafasi yake ya kuitangaza nchi ikachukuliwa na Bodi ya Utalii. Kwa muda hoteli ya Mount Meru ya Arusha ilipeperusha bango la Novotel la Wafaransa. Hoteli za mbugani zikapita mikononi mwa kampuni ya mpito, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikauzwa kwa sekta binafsi. Miaka hiyo hiyo kampuni mpya zilikuwa zinaingia Serengeti na hoteli na mahema ya kifahari yaliyojengwa kwa mitaji mikubwa na kutangazwa moja kwa moja kwa matajiri wa Marekani na Ulaya. Aliyenunua hoteli kuukuu ya mwisho wa barabara alinunua pia tatizo la mwaka 1977.

Kama ungetaka kuona namna nyingine hoteli za zama zile zilivyomalizika, huhitaji kwenda mbali. Pale Mbezi Beach, Dar es Salaam, kuna kituo cha daladala kinachoitwa Africana. Maelfu ya watu husema "shusha Africana" kila siku, na wengi wao hawajui kuwa ilikuwa hoteli ya ufukweni yenye jina kubwa. Hoteli ilikwisha, kituo kikabaki. Kilimanjaro Hotel ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965 na ambayo ukumbi wake wa Simba Grill ulilea muziki wa dansi, ilichakaa, ikafungwa, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2005 chini ya jina la Kempinski, na sasa ni Hyatt Regency. Ya mjini ina bahati: mji unaokua huifuata. Na mjini Beira, Msumbiji, ile Grande Hotel iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1950 ili kuwavuta matajiri wa Rhodesia na Afrika Kusini ilifungwa mwaka 1963 baada ya matajiri hao kutokuja kwa wingi uliotarajiwa. Leo watu zaidi ya elfu moja wamefanya vyumba vyake makazi, bila maji wala lifti. Nayo ilijengwa ikimtazama mgeni wa njia moja.

Sasa turudi nyumbani, maana huku kwetu hoteli zinaanza tu. Nilikuwepo Nyakabindi wakati maonyesho ya kitaifa ya Nanenane yalipofanyika Bariadi, 2018 mpaka 2020. Aliyekuja bila kuweka nafasi mapema alihangaika, gesti kwa gesti, na wengine tuliishia kulala mbali na kuamka alfajiri kuwahi mabanda. Mkoa ulikuwa na watu milioni 1.58 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2.1. Lami ya Bariadi hadi Lamadi imetuunganisha na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, na kilomita chache mbele ya Lamadi kuna lango la Ndabaka, la kuingilia Serengeti upande wa magharibi. Nyumbu hufika ukanda huo mwezi Mei na Juni, wakati wakulima wetu wanavuna pamba. Nchi ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na viongozi wetu, kwa haki kabisa, wanasema fungu la Simiyu liko wapi.

Nimesikia mipango inayotajwa kwenye mikutano, na kila mara ni hoteli ya nyota kadhaa, ya wageni kutoka nje, karibu na lango. Kabla ya kumwaga zege napenda mtu mmoja kwenye meza hiyo auulize huo mpango maswali ya Lobo. Mgeni huyo atatoka uwanja gani wa ndege? Akija kwa Mwanza, ndege zipi zinamleta Mwanza? Uamuzi upi, wa nani, wa nchi ipi, unaweza kuifunga njia yake kwa siku moja? Na ikifungwa, ni nani mwingine atalala humo? Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake liko mbele ya macho yetu: mfanyabiashara wa dengu na choroko, ofisa wa kodi, mwalimu anayesahihisha mitihani, ndugu waliokuja harusini, dereva wa lori la robota, mkulima aliyeuza vizuri na anataka kumpeleka mkewe mahali. Hao hawahitaji ruhusa ya Nairobi ili wafike Lamadi. Ndio waliojaza gesti za Bariadi wakati wa Nanenane, na bado hakuna anayewachora kwenye mchoro wa hoteli.

Na Lobo? Nisingependa ibomolewe, na nisingependa igeuzwe kambi ya matajiri ishirini kwa usiku. Jengo lile linastahili kulindwa kisheria kama majumba ya Mji Mkongwe yanavyolindwa: mbao zake, vioo vyake, na namna lilivyolipisha jiwe. Wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Ardhi walipaswa kupelekwa pale kujifunza kujenga bila kulipua. Tena liko jambo dogo zaidi ambalo lingewezekana mwaka huu huu. Masika, Aprili na Mei, vyumba vya Serengeti huwa vitupu na bei hushuka. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima katika Serengeti ni kidogo, chini ya nauli ya basi ya safari nyingi tunazofanya. Shule za sekondari za Bariadi, Maswa na Meatu zina watoto waliozaliwa na kukua jirani na hifadhi hii, na wanachokijua kuhusu tembo ni sauti ya madebe yanayogongwa usiku kumfukuza. Mkoa, shirika la hifadhi TANAPA na anayeiendesha hoteli wakikaa pamoja wakapanga vyumba hivyo 75 kwa bei ya masika, watoto wanne kwa chumba, basi la wanafunzi linaingia Ndabaka asubuhi, linapita Seronera mchana, na jioni linafika Lobo kutokea upande ambao hoteli hiyo haikujengwa kuutazama.